Ranki yenye ukomo: ya kundi, ya moduli au ya opereta?

Mwanafunzi wa hisabati hukutana na ranki kwa mara ya kwanza kwenye matriksi, na pale mambo hayana ubishi. Ukihesabu safu mlalo zinazojitegemea unapata idadi ileile ya safu wima zinazojitegemea, na idadi hiyo ndiyo dimensheni ya taswira. Matriksi mraba ikiwa na ranki kamili, inageuzika. Baadaye anafika kwenye makundi ya Abel (ambamo memba hujumlishwa kwa mpangilio wowote na jibu halibadiliki), au kwenye nafasi za Hilbert (nafasi za vekta zenye urefu na pembe, hata za dimensheni zisizo na ukomo), anakuta thiorema inaanza na sharti la ranki yenye ukomo, naye anaingia na mazoea yote ya matriksi. Baadhi ya mazoea hayo yatamfaa. Mengine yatamwangusha kabla uthibitisho haujafika nusu.

Hapa naziweka bega kwa bega ranki ambazo msomaji wa aljebra na wa nadharia ya opereta hukutana nazo mara nyingi, ili ajue ashike ipi kwa kazi ipi. Kipimo changu ni kimoja: ukishaambiwa kwamba ranki ina ukomo, umepewa nini mkononi? Kwa opereta unapewa karibu kila unachohitaji, ila opereta za namna hiyo ni chache, kwa hiyo kazi halisi ni kupima opereta yako iko umbali gani kutoka kwao. Kwa makundi ya Abel hali ni kinyume. Sharti hutimia kwa urahisi, na baada ya kutimia kazi kubwa bado iko mbele yako.

Kinachohesabiwa

Opereta mstari T, yaani kanuni inayogeuza vekta kuwa vekta na kuheshimu kujumlisha na kuzidisha kwa namba, inatoka nafasi X kwenda nafasi Y. Ranki yake ni dimensheni ya T(X), yaani taswira. Ikiwa ranki ni n na T ni endelevu, unaweza kuiandika hivi:

Tx = φ₁(x)y₁ + φ₂(x)y₂ + … + φₙ(x)yₙ

ambapo kila φ inampokea x na kutoa namba moja. X yenyewe inaweza kuwa na dimensheni zisizo na ukomo, T haijali. Inamuuliza x maswali n, inasahau mengine yote, kisha inajenga jibu kwa vekta n zilizokwisha kuchaguliwa.

Kwenye kundi la Abel hakuna taswira ya kupima, kuna memba tu. Memba kadhaa wanajitegemea ikiwa huwezi kuwazidisha kwa namba kamili, ukawajumlisha na kupata sifuri, isipokuwa vizidishi vyote viwe sifuri. Ranki ni idadi kubwa kabisa ya memba wanaojitegemea. Moduli ni kama nafasi ya vekta, ila vizidishi vyake hutoka kwenye ringi, yaani mfumo wenye kujumlisha na kuzidisha lakini si lazima kugawanya. Juu ya ringi isiyo na vigawanyo vya sifuri hupimwa vivyo hivyo. Vizalishi ni memba ambao kutoka kwao kundi zima hujengwa; kundi huru, ambalo vizalishi vyake havifungwi na uhusiano wowote kati yao, lina ranki yake, ambayo ni idadi ya vizalishi hivyo huru. Na ipo ranki ya Prüfer: namba ndogo kabisa r ambayo kila kundi dogo lenye vizalishi vya idadi yenye ukomo linaweza kuzalishwa na memba r au pungufu.

| Ranki ya | Kinachohesabiwa | Ukomo wake unahakikisha vizalishi vyenye ukomo? | Ukiingia ndani, ranki haizidi? |
|---|---|---|---|
| Opereta | dimensheni ya taswira | ndiyo, kwa taswira | ndiyo, ukiibana kwenye nafasi ndogo |
| Kundi la Abel | memba wanaojitegemea | hapana | ndiyo |
| Kundi huru | vizalishi huru | ndiyo, kwa maana yake | hapana |
| Prüfer | vizalishi vya makundi madogo | hapana | ndiyo |

Mtu anayetaka kuchagua haraka aangalie safu wima ya tatu. Huko ndiko makosa mengi yanakoanzia.

Makundi ya Abel: ranki 1 si kitu kidogo

Chukua Q, yaani sehemu zote p/q, tukizijumlisha tu bila kuzizidisha. Chagua mbili zozote, tuseme 3/4 na 5/7. Zidisha ya kwanza kwa 20, unapata 15. Zidisha ya pili kwa 21, unapata 15. Toa moja kwa nyingine, umebaki na sifuri. Hakuna sehemu mbili zinazojitegemea, kwa hiyo ranki ya Q ni 1, sawa na ranki ya Z, kundi la namba kamili.

Lakini Z huzalishwa na memba mmoja, na Q haizalishwi na orodha yoyote yenye ukomo. Ukiniletea sehemu ishirini kama vizalishi, nitatafuta asili ya pamoja d, na kila utakachojenga kwa kujumlisha kitakuwa na asili inayogawanya d. Sehemu 1/(2d) haitapatikana kamwe. Ranki imesema 1 kwa makundi yote mawili, na kimya chake kuhusu tofauti hii ndicho cha kuzingatia.

Kati ya Z na Q kuna makundi mengine ya ranki 1, mengi kuliko yanavyoweza kuorodheshwa. Reinhold Baer aliyapanga yote mwaka 1937 kwa njia ninayoiona nzuri kuliko nyingi katika aljebra. Mchukue memba asiye sifuri, kisha kwa kila namba tasa uliza: anaweza kugawanywa kwa namba hii mara ngapi bila kutoka nje ya kundi? Jibu ni 0, 1, 2 na kuendelea, au bila mwisho. Unapata mfuatano mmoja wa majibu. Mifuatano miwili huhesabiwa kuwa aina moja ikiwa mahali inapotofautiana pana idadi yenye ukomo tu, na popote inapotofautiana majibu yote mawili yana ukomo. Makundi mawili ya ranki 1 yana umbo moja pale tu aina zao zinapolingana.

Jaribu na sehemu ambazo asili yake haigawanyiki kwa mraba wa namba tasa yoyote: 1/2, 1/3, 1/6, 1/30 na wenzao. Hapo namba 1 inagawanyika mara moja kwa kila namba tasa, kwa hiyo mfuatano ni 1, 1, 1, 1 bila kukoma. Mfuatano wa Z ni 0, 0, 0, 0. Tofauti ziko mahali pasipo na ukomo, basi makundi haya hayafanani kabisa, ingawa kila hatua ya tofauti ni ndogo mno.

Ukipanda hadi ranki 2 na kuendelea, mpango mzuri wa Baer hauendelei. Mwaka 1961 A. L. S. Corner alionyesha kwamba ukichagua n na k, k isizidi n, lipo kundi la Abel lisilo na torsheni (hakuna memba asiye sifuri anayekuwa sifuri ukimzidisha kwa namba kamili isiyo sifuri) la ranki n linalokubali kugawanywa katika vipande k visivyogawanyika tena, kwa ranki zozote utakazo mradi jumla iwe n. Kwa n = 4 na k = 2, kundi hilohilo moja linavunjika kuwa ranki 1 na 3, na pia kuwa ranki 2 na 2, na hakuna kipande kinachovunjika zaidi. Anayetoka kwenye nafasi za vekta, ambako kila kitu huishia kwenye mistari ya dimensheni 1, anahitaji muda kulikubali jambo hili. Mwaka 2003 Simon Thomas alithibitisha kwamba tatizo la kuyapanga makundi haya linakuwa gumu zaidi, kwa maana halisi ya nadharia ya seti, kila ranki inapoongezeka kwa moja. Kwa hiyo "ina ukomo" hapa haimaanishi "imetulia".

Basi ranki hii inafaa lini? Inafaa pale unapokuwa tayari kuruhusu kugawanya, yaani kulitia kundi ndani ya nafasi ya vekta juu ya Q na kusahau nani anagawanyika kwa nani. Inafaa zaidi pale ambapo jambo jingine limeshakuhakikishia vizalishi vyenye ukomo. Mfano mashuhuri ni thiorema ya Louis Mordell ya mwaka 1922: pointi za mkunjo eliptiki zenye viwianishi vya namba za p/q huunda kundi la Abel lenye vizalishi vyenye ukomo. Hapo ranki ni kipimo cha kweli. Mkunjo y² = x³ − 2 una ranki 1, na pointi (3, 5), kwa kuwa 25 = 27 − 2, inazalisha nyingine zote.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka. Ranki hii haioni torsheni, yaani memba ambao ukiwazidisha kwa namba kamili fulani isiyo sifuri wanakuwa sifuri. Kundi Q/Z halina ukomo, lakini ranki yake ni 0 kwa sababu kila memba wake hatimaye anakwisha. Ukiwa na kundi la aina hii, achana na ranki ya kujitegemea, shika ya Prüfer. Kila kundi dogo la Q/Z lenye vizalishi vyenye ukomo linazalishwa na memba mmoja, kwa hiyo ranki ya Prüfer ni 1. Jumla ya nakala zisizo na ukomo za Z/2, nayo yenye ranki 0 kwa kipimo cha kwanza, ina ranki ya Prüfer isiyo na ukomo. Kipimo cha kwanza kiliziona sawa. Cha pili kimezitenganisha.

Moduli na makundi huru, kwa ufupi

Moduli juu ya ringi kama Z, ikiwa na vizalishi vyenye ukomo, huvunjika kuwa sehemu huru ya ranki r na sehemu ya torsheni, na hapo huna la kuhofia. Onyo langu ni moja tu. Matriksi (2), yenye safu mlalo moja na safu wima moja, ina ranki 1 juu ya Z, ranki kamili. Lakini taswira yake ni namba shufwa peke yake, na haigeuziki. Kwenye fildi, yaani ringi ambamo unaweza kugawanya kwa chochote kisicho sifuri, ranki kamili ya matriksi mraba inatosha. Kwenye Z lazima ditaminanti iwe 1 au −1. Unayefanya kazi na ringi, usiache ranki ifanye kazi ya ditaminanti.

Makundi huru ni ulimwengu mwingine. Jakob Nielsen mwaka 1921, kisha Otto Schreier mwaka 1927 kwa hali zote, walionyesha kwamba kila kundi dogo la kundi huru ni huru. Ila ranki inapanda ukishuka ndani. Ukiwa na kundi huru la ranki r na kundi dogo la faharasa j (yaani nakala j zake zilizosogezwa ndizo zinazojaza kundi zima), ranki ya hilo dogo ni j(r − 1) + 1. Kwa ranki 2 na faharasa 5, ni 6. Na ndani ya kundi huru la ranki 2 kuna makundi madogo ya ranki isiyo na ukomo. Mwenye hoja inayotegemea kwamba sehemu haizidi zima asiitumie ranki hii.

Opereta: hapa ukomo unalipa

Sasa upande ambao sharti ni zito na malipo yake ni makubwa. Nitaonyesha kwa mlinganyo mmoja wa intagrali, f ikiwa ndiyo tunayoitafuta kwenye kipande [0, 1]:

f(s) = s + λ ∫₀¹ (1 + st) f(t) dt

Hatujui f, na f ni kitu cha dimensheni zisizo na ukomo. Lakini kenele, yaani kizidishi cha f ndani ya intagrali, hapa 1 + st, ni jumla ya vipande viwili ambavyo s na t zimetenganishwa, kwa hiyo opereta ina ranki 2. Inaiuliza f maswali mawili tu. Ita a intagrali ya f(t), na b intagrali ya t·f(t). Mlinganyo unakuwa f(s) = λa + (1 + λb)s. Rudisha umbo hili kwenye fasili za a na b:

a = λa + (1 + λb)/2
b = λa/2 + (1 + λb)/3

Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili. Weka λ = 1. Wa kwanza unatoa b = −1 papo hapo, na wa pili unatoa a = −2. Hivyo f(s) = −2 kwa kila s. Hakiki: intagrali ya (1 + st) mara −2 ni −2 − s, ongeza s, unabaki na −2. Jibu limesimama.

Mlinganyo unakwama pale tu ditaminanti ya mfumo, 1 − 4λ/3 + λ²/12, inapokuwa sifuri, yaani λ ikiwa 8 − √52 au 8 + √52, takriban 0.789 na 15.211. Thamani mbili, kwa sababu ranki ni 2. Mambo yote ya opereta hii yamo ndani ya matriksi ya 2 kwa 2.

Kenele nyingi hazitenganiki hivi. Ivar Fredholm alijenga nadharia ya milinganyo hii katika makala yake ya mwaka 1903, na mwaka 1907 Erhard Schmidt akaonyesha njia ambayo bado inafundishwa: igawe kenele katika sehemu yenye ranki yenye ukomo na mabaki madogo. Mabaki madogo yanageuzwa kwa mfululizo wa kijiometri, na sehemu ya kwanza inageuzwa kama tulivyofanya hapo juu. Opereta zinazokubali kugawanywa hivi, mabaki yakiwa madogo kadiri utakavyo, kwenye nafasi ya Hilbert ndizo hasa opereta kompakti. Nadharia yao kwa ujumla iliwekwa na Frigyes Riesz mwaka 1918.

Ndiyo maana nasema swali la kuuliza kuhusu opereta ni "iko umbali gani na zile zenye ranki n?" Kwenye nafasi ya Hilbert jibu ni sahihi kabisa. Umbali kutoka opereta kompakti hadi opereta iliyo karibu zaidi yenye ranki isiyozidi n ni thamani singula ya n + 1, ukizipanga kutoka kubwa hadi ndogo (thamani singula hupima opereta inanyoosha kiasi gani kwenye kila mwelekeo wake mkuu). Schmidt aliliona hili kwa milinganyo ya intagrali, Carl Eckart na Gale Young wakalitoa kwa matriksi mwaka 1936, na Leon Mirsky akalipanua kwa nomu zaidi, yaani vipimo vingine vya ukubwa, mwaka 1960.

Linganisha opereta mbili. Ya kwanza ni V ya Volterra, inayochukua f na kutoa intagrali yake kutoka 0 hadi s. Ya pili ni ile yenye kenele min(s, t), yaani ndogo kati ya s na t. Zote mbili ni kompakti, zote zina ranki isiyo na ukomo. Thamani singula za V ni 2/((2k − 1)π), k ikianza na 1. Za pili ni hizohizo zikiwa na kipeo cha pili, kwa sababu opereta ya pili ni V mara ambatani yake (opereta ya kenele ileile, s na t zikibadilishana nafasi). Sasa taka kosa liwe chini ya 0.01. Kwa V lazima 2n + 1 izidi 63.66, hivyo unahitaji ranki 32. Kwa min(s, t) lazima 2n + 1 izidi 6.37, na ranki 3 inatosha. Anayepanga kuhesabu kwa kompyuta anaona hapo tofauti ya kazi nzima, na neno "kompakti" peke yake lisingemwambia chochote.

Kati ya ranki yenye ukomo na ukompakti kuna ngazi za kuchagua. Ukihitaji tresi, yaani jumla ya ulalo isiyotegemea besi, jumla ya thamani singula lazima iwe na ukomo. Opereta ya min(s, t) inapita, tresi yake ni 1/2. V haipiti, kwa kuwa 1 + 1/3 + 1/5 + … haina kikomo. Ukihitaji tu jumla ya miraba, ile ya Hilbert na Schmidt, V inapita nayo, na jumla ni 1/2. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuchagua ngazi kulingana na anachokwenda kukifanya: tresi au ditaminanti, chukua ngazi ya tresi, kenele yenye mraba unaointagrika, chukua Hilbert na Schmidt, kujua tu kama mlinganyo una jibu, ukompakti unatosha.

Pale ukaribu unapokataa

Opereta ya utambulisho kwenye nafasi isiyo na ukomo haikaribiwi. Ukichukua F yoyote yenye ranki yenye ukomo, lazima iwepo vekta x isiyo sifuri ambayo Fx = 0, na kwa vekta hiyo kosa ni urefu mzima wa x. Umbali haushuki chini ya 1 hata ranki iwe milioni.

Mfano unaonasa watu zaidi ni matriksi ya Hilbert, isiyo na ukomo, ambayo kwenye safu mlalo i na wima j, tukianza na 0, kuna 1/(i + j + 1). Namba zake zinapungua kuelekea sifuri kila upande, na jicho linashawishika kwamba kona ya juu ya 100 kwa 100 imebeba karibu kila kitu. Haijabeba. Nomu ya opereta hii ni π, na haikaribiwi na opereta yoyote yenye ranki yenye ukomo kwa umbali ulio chini ya π. Maana yake sifuri ni makadirio mazuri sawa na kona yoyote utakayoikata, kwa kipimo cha nomu. Usikate kona ya matriksi isiyo na ukomo kabla hujathibitisha ukompakti.

Nje ya nafasi za Hilbert hata ukompakti hautoshi. Kwamba kila opereta kompakti kwenye nafasi yoyote ya Banach inakaribiwa na zile zenye ranki yenye ukomo lilikuwa swali la miongo kadhaa. Alexander Grothendieck alilichambua kwa kina mwaka 1955, na akaonyesha kwamba limefungamana na swali ambalo Stanisław Mazur aliliandika tarehe 6 Novemba 1936 kwenye daftari la wanahisabati wa Lwów, zawadi ya jibu ikiwa bata bukini hai. Per Enflo wa Sweden alijenga nafasi inayokataa, uthibitisho ukachapishwa mwaka 1973, na bata bukini wake alikabidhiwa. Kwa kazi ya kawaida uchaguzi ni huu: nafasi yako ikiwa na besi ya Schauder (orodha ya vekta ambayo kila vekta ni jumla yake, hata isiyo na ukomo, kwa njia moja tu), mbinu ya kukaribia ni salama. Ikiwa huna besi, tafuta hoja nyingine. Mwaka 1981 Andrzej Szankowski alionyesha kwamba hata nafasi ya opereta zote endelevu za nafasi ya Hilbert inakosa sifa hii, na hiyo si nafasi ya kubuniwa kwa ajili ya kutisha watu. Tunaitumia kila siku.

Kwa macho ya aljebra, opereta zilezile

Opereta zenye ranki yenye ukomo huunda ideali ndani ya ringi ya opereta zote: ukiizidisha mojawapo na opereta yoyote, kushoto au kulia, ranki haipandi. Na ni ideali ndogo kuliko zote zisizo sifuri. Uthibitisho ni mfupi. Ideali ikiwa na T isiyo sifuri, ipo x ambayo Tx = y si sifuri. Chagua φ yenye φ(y) = 1. Anza na opereta inayompeleka v kwenye ψ(v)x, ipitishe T, kisha ile inayompeleka w kwenye φ(w)z. Mwisho wa safari v amefika ψ(v)z. Hiyo ni opereta yoyote ya ranki 1 utakayo, na imo ndani ya ideali. Jumlisha, umezipata zote.

Hapa topolojia ndiyo inayoamua uchague nini. Chukua nafasi ya vekta yenye besi inayoorodheshwa isiyo na ukomo, bila nomu yoyote. Ringi ya opereta zake zote ina ideali tatu tu: sifuri, zile zenye ranki yenye ukomo, na ringi nzima. Ranki inamaliza maelezo. Weka nafasi ya Hilbert inayotenganika badala yake, na John Calkin alionyesha mwaka 1941 kwamba ideali zilizofungwa ni tatu pia, lakini ya katikati sasa ni ya opereta kompakti. Ideali ya ranki yenye ukomo haijafungwa. V ya Volterra ni kikomo cha opereta zake na yenyewe haimo. Kati ya hizo mbili ndimo zimejaa ngazi za tresi, za Hilbert na Schmidt, na nyingine nyingi. Kwa hiyo swali lako lisipogusa ukaribu, fanya kazi bila nomu, utapata majibu safi zaidi. Likigusa ukaribu, ranki peke yake haitoshi na lazima uchukue thamani singula.

Matriksi moja, maswali mawili

Kuna mahali ambapo pande zote mbili zinakaa kwenye ukurasa mmoja. Chukua mfuatano c₀, c₁, c₂ na kuendelea, upange matriksi isiyo na ukomo yenye c₍ᵢ₊ⱼ₎ kwenye nafasi (i, j). Leopold Kronecker alithibitisha katika karne ya 19 kwamba ranki yake ina ukomo pale tu mfululizo c₀ + c₁x + c₂x² + … unapokuwa polinomia moja iliyogawanywa kwa nyingine. Ukomo wa ranki, ambao ni habari ya opereta, ni sawasawa na mfuatano kufuata kanuni ya kujirudia yenye vizidishi visivyobadilika, ambayo ni habari ya aljebra.

Jaribu na namba za Fibonacci zilizogawanywa kwa vipeo vya 2: 1, 1/2, 2/4, 3/8, 5/16. Kila moja ni nusu ya iliyotangulia jumlisha robo ya ile ya kabla yake, kwa hiyo kila safu mlalo inatokana na mbili za juu yake, na ranki ni 2. Kona ya 3 kwa 3 ina ditaminanti sifuri. Sasa tuseme namba hizi zimetoka kwenye kipimo, na 5/16, ambayo ni 0.3125, imesomwa 0.313. Ditaminanti inakuwa 0.000125. Si sifuri, basi ranki sasa ni 3, na jibu la kialjebra limebadilika kabisa kwa ajili ya nusu ya sehemu moja ya elfu.

Thamani singula za kona hiyo ni takriban 1.61, 0.204 na 0.0004. Ya tatu inakuambia kwamba uko umbali wa 0.0004 kutoka matriksi ya ranki 2, umbali mdogo kuliko kosa la kusoma lenyewe. Kwa namba zilizotoka kwenye fomula, hesabu ranki kamili na uamini jibu. Kwa namba zilizopimwa, soma thamani singula na uamue ni wapi pa kukata. Na ukihofia kwamba matriksi ya ranki ndogo utakayoipata itapoteza umbo hili la c₍ᵢ₊ⱼ₎, kwa kona yenye ukomo hofu hiyo ni ya kweli. Kwa opereta nzima isiyo na ukomo si ya kweli: Vadim Adamyan, Damir Arov na Mark Krein walithibitisha mwaka 1971 kwamba kati ya zenye ranki n zinazobaki na umbo hilo, ipo iliyo karibu sawasawa na iliyo karibu kuliko zote.